Mafunzo Yafanyike Wapi? Mwongozo wa Kuchagua Mahali, Kibondo na Kasulu

Wanaoniuliza kuhusu mafunzo kazini hutofautiana kwa kila kitu isipokuwa swali moja. Ofisa Elimu Kata anataka kuwakutanisha walimu wa darasa la kwanza na la pili. Mganga mfawidhi ana wauguzi wa kufundishwa matumizi ya kifaa kipya. Shirika limepata fedha za kuwafundisha maofisa ugani. Chama cha akiba na mikopo kinataka wahasibu wake wapigwe msasa. Wote huishia hapa: tukutane wapi? Kibondo, Kasulu, au tushuke Kigoma mjini?

Nitajibu kwa urefu, kwa sababu nimeona mafunzo yenye wawezeshaji hodari yakiharibika kwa sababu ya mahali tu. Mvua inapiga bati na hakuna anayesikia neno. Washiriki wa vijiji vya ndani wanafika siku ya kwanza saa nane mchana, wamechoka na wamelowa. Fedha zinakwisha, daftari la mahudhurio linajaa saini, na kazini hakuna kinachobadilika.

Msimamo wangu ni huu: chagua mahali kwa kuwaza mambo mawili, yaani mshiriki anayetoka mbali zaidi, na kazi atakayoifanya akirudi kituoni. Ukumbi utafutwe baada ya hapo.

Kwanza, jaza karatasi moja

Kabla ya kupiga simu hotelini, andika majibu ya maswali haya:

1. Washiriki ni nani, na kila mmoja anaishi wapi? Usiandike "Kibondo" au "Kasulu". Andika kata na kijiji, au jina la shule au zahanati.
2. Ni yupi anayetoka mbali zaidi, na anafikaje barabara kuu? Kwa bodaboda, kwa miguu, au kwa gari linalopita mara moja kwa siku?
3. Wakirudi watafanya nini kwa mikono yao? Wataandaa somo, watampima mjamzito, watakagua mzinga wa nyuki, watafunga hesabu za mwezi?
4. Mafunzo ni ya siku ngapi, na yanaangukia mwezi gani?
5. Nani miongoni mwao hawezi kulala nje kirahisi? Fikiria mama anayenyonyesha, muuguzi aliye peke yake zahanati, mkimbizi anayefanya kazi kambini.
6. Nani analipa, na kwa utaratibu gani?

Ukishajaza, piga hesabu ya vichwa. Chukua mfano wa washiriki 30: 18 wa Kibondo, 8 wa Kakonko na 4 wa Kasulu. Ukiwapeleka wote Kasulu, watu 26 wanasafiri na kulala gesti ili wanne wasisafiri. Ukiwaleta wale wanne Kibondo, wanaotoka mbali ni hao wanne, na wanane wa Kakonko wana mwendo mfupi. Ni hesabu ya dakika chache, lakini ndiyo inayookoa sehemu kubwa ya bajeti.

Kibondo, Kasulu au Kigoma mjini?

Kutoka Kibondo hadi Kasulu ni karibu kilomita 150, na kutoka Kasulu kushuka Kigoma mjini ni karibu kilomita 100 nyingine. Ujenzi wa lami kwenye barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu na ile ya Kidahwe–Kasulu umepunguza sana adha ya safari hizo. Hata hivyo lami ni ya barabara kuu. Mwalimu wa kijiji cha ndani bado anaanza safari yake kwenye udongo mwekundu, na mvua ikishanyesha usiku, bodaboda hupandisha nauli au hukataa kabisa kwenda.

Angalia pia mipaka. Mwaka 2012 Buhigwe ilitoka Kasulu ikawa wilaya, na Kakonko ikatoka Kibondo. Orodha za zamani za washiriki, na hata baadhi ya maandiko ya miradi, bado huwahesabu watu hao chini ya wilaya mama. Ukiona "Kasulu" kwenye orodha, uliza kama ni Kasulu ya leo au ni mtu wa Buhigwe anayepita njia nyingine kabisa.

Chagua Kibondo ikiwa:

- wengi wa washiriki wako Kibondo na Kakonko;
- mazoezi yanahitaji hospitali ya wilaya, mashamba au misitu ya upande huo, kwa mfano mafunzo ya ufugaji nyuki;
- wawezeshaji wanatokea upande wa Nyakanazi, Kahama au Mwanza.

Chagua Kasulu ikiwa:

- washiriki wametawanyika katika wilaya zote za nyanda za juu za Kigoma, kwa sababu njia za Kibondo, Buhigwe na Kigoma zinakutana hapo;
- unahitaji vyuo, kumbi na nyumba za wageni kadhaa za kulinganisha;
- wawezeshaji wanashuka kwa ndege Kigoma na kupanda kwa gari.

Shuka Kigoma mjini ikiwa kitu cha kujifunzia kiko huko na hakihamishiki. Kama somo ni michikichi, miche, mashamba ya majaribio na watafiti wako kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga; safari hiyo inastahili. Kama wauguzi wanapaswa kuona huduma ambayo hospitali ya wilaya haina, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni ina maana. Lakini kushuka ziwani kwa sababu mwezeshaji wa Dar es Salaam hataki kuongeza saa mbili za gari ni kuwatesa watu thelathini kwa ajili ya mtu mmoja. Apandishwe yeye.

*"Lakini wakibaki karibu na vituo vyao wataitwa ofisini kila saa."*

Hofu hiyo ni ya kweli. Daktari aliye umbali wa dakika kumi kutoka wodini ataitwa, na ataenda. Dawa yake si lazima iwe kilomita 250. Fanya hivi:

- Pata barua ya ruhusa kutoka kwa mkuu wake wa kazi, itaje tarehe na jina la anayeshika nafasi yake.
- Hamisha mafunzo hadi kata au mji wa jirani, umbali ambao mtu hawezi kuukimbia wakati wa chai.
- Walaze washiriki mahali pamoja, hata kama wachache wao wana nyumba mjini hapo.
- Weka kipindi kimoja kwa siku cha kupiga simu za kazi, kisha simu zizimwe.

*"Na posho je?"*

Jambo hili husemwa pembeni, nami naona lisemwe mezani. Mtumishi wa umma hulipwa posho ya kujikimu anapolala nje ya kituo chake cha kazi, kwa hiyo mahali pa mafunzo huamua pia atakachorudi nacho mfukoni. Ndiyo maana mapendekezo mengine ya "tukafanyie mbali" hayatokani na mahitaji ya somo. Usiwalaumu, mishahara tunaijua. Lakini usikubali posho ichague mahali. Andika kwenye barua ya mwaliko kitakacholipwa: nauli kiasi gani, chakula, malazi, na kama hakuna posho sema hakuna. Mtu anayejua mapema huja kujifunza. Anayegundua siku ya kwanza huja kunung'unika, na manung'uniko huenea ukumbi mzima kabla ya chai ya saa nne.

Aina za mahali, na tahadhari zake

*Vyuo.* Hapa ndipo ningeanza kutafuta kila mara. Kasulu na Kibondo kila moja ina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Kasulu ina chuo cha ualimu, Kabanga ina chuo cha ualimu na hospitali kubwa ya misheni, na Nyamidaho kuna chuo cha VETA. Faida za chuo ni kubwa: mabweni, bwalo la chakula, madarasa zaidi ya moja kwa kazi za vikundi, karakana au shamba la mazoezi, na utulivu usiku. Tahadhari: wakati wa muhula mabweni yamejaa. Omba nafasi wakati wa likizo, na uulize kama wapishi nao huenda likizo.

*Vituo vya walimu na shule.* Kwa walimu, mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, umejengwa juu ya wazo kwamba mwalimu ajifunze shuleni kwake na kwenye kituo cha walimu kilicho karibu. Usiupindue kwa kuwatoa walimu wote kwenda hotelini. Darasa halisi lenye ubao, madawati na watoto sabini ni mahali bora pa kujaribu mbinu ya kusoma na kuandika kuliko ukumbi wenye mapazia. Tahadhari: madawati ya darasa la pili hayamfai mtu mzima kwa siku tano. Tafuta viti.

*Kumbi za halmashauri.* Ni za heshima na mara nyingi bei yake ni nafuu. Tahadhari: ukumbi wa halmashauri una wenyewe. Baraza la Madiwani likiitishwa, au kiongozi wa kitaifa akija ziarani, mtahamishwa asubuhi hiyo hiyo. Uliza tarehe za vikao vya robo mwaka kabla ya kuweka nafasi.

*Kumbi za dini.* Makanisa na taasisi za Kiislamu zina kumbi safi, tulivu na zenye walinzi. Uliza mapema kuhusu masharti ya chakula, mavazi na muziki, na ujiulize kama kila mshiriki atajisikia yuko huru mahali hapo. Ukiona mashaka, waulize washiriki wenyewe wawili watatu wa dini nyingine.

*Hoteli na nyumba za wageni.* Ni rahisi kwa malipo na chakula. Tahadhari ni tatu: baa iliyopakana na ukumbi, sherehe za ndoa na sendofu zinazoanza kupambwa Ijumaa mchana mkiwa bado ndani, na vyumba vinavyouzwa kwa mgeni mwingine mkichelewa kufika. Dai kwa maandishi kwamba ukumbi ni wenu hadi saa 11 jioni ya siku ya mwisho.

*Kituo cha kazi chenyewe.* Wodi, zahanati, shamba darasa, ofisi ya kijiji. Kwa stadi za mikono hakuna mahali pazuri zaidi. Tahadhari: mgonjwa, mkulima au mwanafunzi aliyepo hapo hakuja kuwa kifaa cha kufundishia. Omba ridhaa yake, na washiriki wagawanywe makundi madogo wasimzunguke mtu mmoja watu ishirini.

Mafunzo yanayowahusu watu wa kambini

Nyanda hizi zimepokea wakimbizi kwa miongo mingi, na waandaaji wengi wa mafunzo hukosea hapa kuliko pengine popote. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ipo tangu 1996. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena 2015 Warundi walipokimbia machafuko ya nchini kwao.

Zingatia haya:

- Mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Mwalimu au mhudumu wa afya wa jamii ambaye ni mkimbizi hawezi kualikwa gestini Kasulu kama unavyomwalika mtumishi wa halmashauri. Ama mafunzo yamfuate, ama kibali kiombwe mapema na kwa majina.
- Wewe mwenyewe na wawezeshaji wako mnahitaji kibali cha kuingia, kinachosimamiwa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Hakipatikani kwa kupiga simu usiku wa kuamkia safari.
- Magari ya mashirika hutoka kambini kabla ya jioni. Siku ya mafunzo kambini ni fupi. Mafunzo ya siku tatu mjini huwa siku nne kambini.
- Makambi hufungwa. Mtabila ilifungwa 2012 na Mtendeli 2021. Kabla ya kupanga, hakikisha kituo unachokitegemea kingali kinafanya kazi, kwa maana andiko la mradi lililoandikwa mwaka juzi linaweza kutaja jengo ambalo leo halina mtu.
- Ukichanganya watumishi Watanzania na wakimbizi wanaofanya kazi moja, mahali pawaruhusu kukaa sawa. Kuwaweka Watanzania hotelini na wengine chini ya turubai kwa somo hilo hilo huacha jeraha ambalo mwezeshaji hawezi kulifuta.

Msimu na kalenda

Mahali panapofaa Julai panaweza kukwama Januari. Mvua huanza Oktoba hivi na kuendelea hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Katika miezi hiyo, ukumbi ulio mwisho wa kilima chenye utelezi haufai hata ukiwa wa bure. Kiangazi kuna vumbi, na Juni na Julai asubuhi huku juu ni baridi. Washiriki wanaopanda kutoka mwambao wa ziwa waambiwe waje na sweta, na gesti iulizwe kuhusu mablanketi.

Kabla ya kuthibitisha tarehe, pitia orodha hii:

- Mwaka wa fedha. Unaisha 30 Juni. Mei na Juni kila idara na kila mradi unamalizia fedha, kumbi zinagombaniwa na wawezeshaji wamechoka. Ukiweza, nenda Julai au Agosti.
- Mitihani. Darasa la saba hufanya mtihani Septemba, kidato cha nne Novemba. Shule haziwezi kuwa ukumbi wakati huo, na walimu wengi ni wasimamizi.
- Kupanda. Mvua za kwanza zikinyesha, ofisa ugani na mkulima wako shambani. Waachwe.
- Siku za ibada. Wasabato ni wengi katika nyanda hizi. Kuweka kipindi Jumamosi ni kuwafungia mlango. Ijumaa mchana Waislamu waende msikitini bila kuomba radhi, na Jumapili isiwe siku ya kusafiri asubuhi. Jumatatu mchana hadi Ijumaa saa 6 huwafaa karibu wote.
- Ramadhani. Mkifundisha wakati wa mfungo, vipindi vizito viwe asubuhi, na kuwe na futari kwa wanaolala.
- Siku ya gulio. Inaweza kukusaidia au kukuumiza. Magari ya vijijini ni mengi siku hiyo, lakini nauli, kelele na msongamano navyo ni vingi.

Nenda ukakague mwenyewe

Picha ya simu haitoshi. Nenda, au mtume mtu unayemwamini, saa zile zile ambazo mafunzo yatafanyika. Fanya majaribio haya:

1. Bati. Tazama juu. Kama hakuna dari, uliza mvua ikinyesha watu hufanyaje. Ukumbi wa bati tupu wakati wa masika utakunyang'anya saa za alasiri, nazo ndizo saa za mvua.
2. Sauti. Simama mbele, zungumza kwa sauti ya kawaida, mwenzako akae nyuma kabisa. Sikiliza pia mashine ya kusaga, gereji na baa za jirani.
3. Mwanga. Washa projekta saa 4 asubuhi. Jua likiingia dirishani hamtaona kitu. Kama hakuna mapazia, panga kutumia bango kitita.
4. Umeme. Kwa miaka mingi miji hii iliwashwa na majenereta ya dizeli, hadi umeme wa gridi ya taifa ulipofika 2022. Hali ni bora, lakini umeme hukatika. Omba jenereta iwashwe mbele yako, na uulize mafuta ni ya nani. Hesabu soketi zinazofanya kazi.
5. Mtandao. Jaribu kila kampuni ya simu ukiwa ndani ya ukumbi, si uwanjani. Karibu na mpaka kuna jambo la ziada: simu ikidaka mtandao wa Burundi inaweza kujirekebisha yenyewe na kurudi nyuma saa moja, kwa kuwa Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja. Waambie washiriki wa upande wa Manyovu waweke saa kwa mkono, la sivyo watachelewa wakiwa na hakika kwamba wamewahi.
6. Vyoo. Ingia. Maji yapo? Mlango unafungwa kwa ndani? Vya wanawake viko peke yake, na kuna chombo cha taka chenye kifuniko? Wanawake wazima hushindwa kukaa hadi jioni kwa sababu hii, na hawatakuambia.
7. Ngazi. Mtu wa kiti cha magurudumu ataingiaje ukumbini na chooni? Ngazi tatu zisizo na mteremko zinatosha kumfukuza.
8. Viti na nafasi. Panga meza za watu watano watano uone kama mwezeshaji anapita katikati. Ukumbi wa viti 100 vilivyofungwa sakafuni haufai kwa kazi za vikundi.
9. Usalama. Mlinzi yupo usiku? Kompyuta zitafungiwa wapi? Kutoka ukumbini hadi gesti kuna taa njiani?

Kulala, kula na watoto

Panga umbali wa kutembea kati ya ukumbi na vyumba. Ukigawanya watu gesti nne, wa mwisho hufika saa 4 na wa kwanza amechoka kusubiri. Wanawake walale mahali palipo na taa na mlinzi, na hapo usipunguze gharama.

Mama anayenyonyesha aruhusiwe kuja na mtoto na msaidizi, na bajeti iwahesabu wote wawili kwa chakula na malazi. Tenga chumba kidogo karibu na ukumbi chenye mkeka, kiti na maji. Bila hivyo utawapata wanaume na wasichana tu, kisha utajiuliza kwa nini wauguzi na walimu wenye uzoefu hawakuja.

Kuhusu chakula, mama lishe wa mtaani aliyezoea kupika kwa watu wengi mara nyingi hushinda jiko la hoteli. Mwonje kabla. Chakula cha hapa kinatosha na kinapendwa: ugali, wali, maharage, ndizi, mboga za majani, migebuka au dagaa kutoka ziwani. Uliza kuhusu wasiokula samaki wa aina fulani au nyama fulani, na wenye kisukari. Chai iwe saa 4, chakula saa 7. Mkichelewesha chakula hadi saa 9, kipindi cha alasiri mmekipoteza.

Barua, vibali na malipo

- Mwandikie mkurugenzi sahihi. Kasulu ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya, kila moja na mkurugenzi wake na watumishi wake. Barua ikienda kusiko kwake, washiriki hawapati ruhusa, na utaambiwa hivyo siku mbili kabla.
- Nakala iende kwa Katibu Tawala wa Wilaya, na mtendaji wa kata ajue kuna mkutano kwenye eneo lake.
- Ukitumia fedha za umma, muulize ofisa ununuzi mapema kama mwenye ukumbi amesajiliwa kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma. Ukumbi mzuri usiolipika si ukumbi.
- Uliza kama risiti ya EFD inatoka. Wengi husema ndiyo, kisha siku ya mwisho mashine ni mbovu. Omba uione ikitoa risiti.
- Andika mkataba wa ukurasa mmoja: tarehe, saa, idadi ya watu, milo, jenereta, maji ya kunywa, na kitakachofanyika mkihamishwa.

Makosa yanayojirudia

1. Kuchagua ukumbi kwanza, kisha kulazimisha somo liuenee.
2. Kuanza saa 2 asubuhi siku ya kwanza ilhali magari ya vijijini hayajafika. Anza mchana, au lipia usiku mmoja kabla.
3. Kufunga saa 12 jioni siku ya mwisho. Mtu wa mbali atasafiri usiku au ataondoka asubuhi bila kuaga. Funga saa 6 mchana.
4. Kumpa mgeni rasmi nafasi ya kuamua mahali. Mgeni rasmi hukaa saa moja; washiriki wanakaa wiki.
5. Kutegemea ukumbi mmoja bila wa akiba.
6. Kufanya mafunzo yote ya mwaka mji ule ule. Kama Kasulu imesafiriwa mara mbili, safari ijayo watu wa Kasulu nao wasafiri.

"Na kama hakuna mahali panapofaa?"

Basi usikusanye watu mahali pamoja. Gawa mafunzo. Siku mbili za nadharia zifanyike chuoni kwa wote, kisha mwezeshaji awafuate washiriki kwa makundi madogo kwenye kata zao, siku moja moja, wakiwa kazini. Gharama ya gari moja kuzunguka vituo sita mara nyingi ni ndogo kuliko kuwalaza watu thelathini siku tatu zaidi. Na mwezeshaji ataona kwa macho yake mambo ambayo ukumbini hayaonekani: zahanati haina maji, shule ina kitabu kimoja kwa watoto kumi, mizinga iko mbali na kijiji. Atabadilisha anachofundisha.

Wengine watasema makundi madogo hayana hadhi, hayana bango wala picha ya pamoja. Hadhi ya mafunzo iko kwa muuguzi anayejiamini kutumia kile kifaa mwezi mmoja baadaye.

Ratiba ya wiki sita

- Wiki ya 6 kabla: jaza karatasi ya maswali sita, piga hesabu ya vichwa, chagua mji au kata. Kama kuna wakimbizi, anza maombi ya vibali sasa.
- Wiki ya 5: pitia kalenda ya mvua, mitihani, ibada na vikao vya madiwani. Andika barua kwa wakurugenzi.
- Wiki ya 4: kagua mahali pawili au patatu, saa za mafunzo. Chagua pa kwanza na pa akiba.
- Wiki ya 3: saini mkataba, kamilisha utaratibu wa malipo, mwonje mpishi.
- Wiki ya 2: tuma mialiko yenye mahali, njia ya kufika, kitakacholipwa, nguo za baridi na namba ya kupiga mtu akikwama.
- Wiki ya 1: mpigie simu yule mshiriki anayetoka mbali zaidi. Muulize atapita wapi, ataondoka saa ngapi, na kama kuna daraja lililokatika. Akikuambia hawezi kufika kabla ya saa 8 mchana, sogeza ufunguzi hadi saa 8 mchana.